Kitambaa cha Buluu Kilichotundikwa Porini

Asalaam alaykum, na ninyi ndugu zangu wa kanisani, nawasalimu kwa amani. Mwenyekiti wa chama chetu cha akiba ameniambia niongee kifupi. Mwenyekiti, umechagua mtu mbaya! Mimi nikianza, chai inapoa. Lakini vumilieni, maana mkutano uliopita mmoja wetu alisimama hapa hapa mtaani Malukhu akasema serikali inapoteza fedha kulipa watu wanaofukuza nzi, na hospitali haina bandeji. Simtaji jina, anajijua. Sikukasirika. Hapana, naongopa, nilikasirika sana! Leo namjibu kwa maisha yangu.

Nilizaliwa hapa Mbale, baba yangu akiuza vitambaa. Nilipomaliza shule, serikali ilinichukua nikasomee utafiti wa magonjwa katika kituo kimoja upande wa Jinja. Ada, chakula, malazi, vyote juu ya serikali. Mwalimu wangu alikuwa mtafiti hodari, mkali kama pilipili, asiyejua kucheka kabla ya chai ya saa nne. Alitufundisha habari za mbung'o, yule nzi ambaye wengine mnamwita ndorobo, anayemuuma mtu na kumwachia malale. Mgonjwa huanza na homa na kichwa, halafu akili inavurugika, mchana anasinzia, usiku anatangatanga, na asipotibiwa anakufa. Dereva wangu wa Busia pale nyuma, amka! Hayo yako si malale, ni uchovu wa barabara tu.

Kazi yetu ilikuwa kutafuta njia rahisi ya kuwapunguza nzi hao. Tulishona mitego ya kitambaa, cha buluu na cheusi, tukaitundika vichakani karibu na maji. Mbung'o anapenda sana buluu. Akiiona anakuja, akiingia hatoki. Nilikuwa nimebakiza mwaka wa mwisho wa masomo, na tayari nilijiona mkubwa. Nawaambia, hata mwendo wangu ulibadilika!

Vita ikaja. Wanajeshi waliingia kituoni, mmoja akaishika hadubini yangu.

"Wewe mama, hii iko nini?"

"Ya kuonea vijidudu, afande."

"Sisi napigana vita, wewe naangalia dudu?"

Akaibeba begani, akaenda nayo. Walichukua gari, jokofu, hata mapazia. Mwalimu wangu alivuka mpaka kuokoa roho yake. Fedha za serikali zikakatika, na serikali yenyewe ikakatika. Masomo yangu yakaishia pale.

Nilikwenda Masese, bandari ya samaki ziwani, nikafanya kazi ya kukausha samaki kwa moshi. Wenzangu waliniita "daktari wa sangara". Nilicheka nao mbele ya watu, kisha nikaenda nyuma ya tanuri nikalia. Baba alinitumia salamu kwa mfanyabiashara mmoja: "Mwambieni serikali imekufa, lakini yeye hajafa. Arudi nyumbani." Sikurudi. Nilikuwa nimeondoka Mbale kwa vigelegele, ningerudije na harufu ya samaki?

Wakati huo watu walikimbia mashamba, hakuna aliyefyeka, vichaka vikasogea mpaka milangoni. Mbung'o wakarudi kwa wingi. Nikaanza kuwaona watu wanasinzia juu ya sahani, na jirani zao wanasema wamerogwa. Mimi nilijua ni nini, lakini sikuwa na hata kioo cha kupimia damu. Ndugu yangu wa bandeji, sikiliza hapa. Utafiti ulipokatika, wagonjwa hawakukatika. Walizidi, na hizo bandeji zisingewasaidia kitu.

Basi, kila lenye mwanzo lina mwisho, na vita ikatulia. Serikali mpya ilifungua vituo tena. Siku moja mwalimu wangu alikuja Masese, amekonda, koti limempwaya, akanikuta nimejaa moshi na magamba.

"Hujafa?" akaniuliza.

"Bado, mwalimu."

"Sikiliza. Serikali imetoa fedha kidogo, ya msimu mmoja tu, tujaribu mitego yetu. Ikipunguza nzi, wataendelea, na wewe watakumalizia masomo. Ikishindwa, wanafunga, na sidhani kama watatuita tena."

Nilinawa mikono nikamfuata. Sikuaga mtu.

Tulishona usiku na mchana, tukatundika mitego kando ya ziwa. Tuliporudi kuangalia, jamani, tulikuta vijiti vitupu! Kitambaa chote kimebebwa. Tukatundika mingine, ikabebwa. Mnajua hali ya baada ya vita, maduka yalikuwa meupe, na kupata yadi moja ya nguo ilikuwa bahati. Ofisini walisema waletwe askari wapekue nyumba. Nikamwambia mwalimu, "Ukileta askari, hata mitego ya kesho hutaiona. Niache niende mimi." Alihesabu siku kwa vidole. Akasema, "Nenda. Lakini msimu unakwisha."

Nilifika kijiji cha karibu na mitego, nikapiga hodi kwa Kiswahili changu hiki kitamu. Wee! Milango ilifungwa pa, pa, pa. Nilisahau kwamba kwao Kiswahili kilikuwa sauti ya mwenye bunduki. Nikabadilisha, nikaongea Kisoga, lugha yao, na taratibu wakaanza kuchungulia. Mama mmoja akatoka shambani na jembe mkononi, mtoto mgongoni, na mtoto amefungwa kwa kitambaa cha buluu. Mshono niliujua, ulikuwa wangu.

Damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia, "Hicho kitambaa ni mali ya serikali!"

Akanijibu, "Serikali ina mgongo? Ina mtoto wa kubeba?"

Watu waliangua kicheko, na mimi nikafungua mdomo nimjibu. Ndipo nikamwona mbung'o. Alitua juu ya kile kitambaa, mgongoni mwa mtoto. Akaja wa pili. Mtoto akalia kwa kuumwa, mama akampigapiga tu, akadhani ni njaa.

Ndugu zangu, nawaambia, hasira yote ilikwisha palepale. Niliogopa. Nikavua leso niliyojitanda, nikasema, "Dada yangu, nakuomba, mfunge mtoto kwa hii. Hiyo ya buluu nipe, nikuonyeshe kitu." Akasita, kisha akanipa. Nikaitundika kwenye tawi, tukasogea kando, tukasubiri. Nzi wakaifuata. Watu wazima wale walisimama wanaangalia nzi wanavyotua juu ya nguo, na hakuna aliyecheka.

"Kumbe nilikuwa nawaita mwenyewe?" yule mama akauliza.

"Si wewe, dada. Ni rangi."

Akaketi chini akalia kwa sauti. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amekufa wakati wa vita, akisinzia hivyohivyo, na waliambiwa ni majini. Alipomaliza kulia aliinuka, akaingia nyumba kwa nyumba. Kabla jua halijazama vitambaa vilikuwa vimerudi: sketi, mapazia, foronya. Mtoto mmoja alivuliwa kaptura akakimbia uchi kijiji kizima, na kila mtu akacheka, hata yule mama. Nilituma habari kwa baba, naye akafungua robota lake la mwisho dukani, akatuletea nguo za kila rangi isipokuwa buluu. Mtoto wa yule mama tulimpima, damu yake ilikuwa safi, alhamdulillahi.

Kuanzia hapo mitego ililindwa na wenyewe. Nzi walipungua, tukawa tunawahesabu na kushangaa. Msimu ulipokwisha, wakubwa walikuja kutoka Kampala kuamua kama fedha ziendelee. Walituuliza sisi, kisha wakawauliza wanakijiji. Yule mama akasimama na mtoto wake mgongoni.

"Mitego tuachieni, tunajua kuitunza," akasema. "Huyu dada mchukueni akamalize kusoma. Lakini mkimaliza naye, mturudishie. Ni wetu."

Wakanichukua. Wakanisomesha. Wakanirudisha. Leo nafundisha vijana kazi ya maabara, na baadhi yao wamenipita, na mimi nafurahi wakinisahihisha.

Namshukuru mwalimu wangu, Mungu amlaze pema, na baba yangu, na kile kijiji chote kando ya ziwa. Na serikali naishukuru bila haya, kwa sababu fedha ile ilikuwa jasho lenu, la muuza nyanya na la dereva. Bila hiyo ningekuwa bado kwenye tanuri. Lakini fedha ikitolewa bila watu kuelezwa, inatundikwa porini na kuibwa. Basi tuiulizie, tuitetee, tuilinde, na ikikatwa tupige kelele mpaka wasikie huko juu.

Ninachowaachia ni hiki. Mwaka huu serikali imetoa tena nafasi za kusomesha vijana kwenye utafiti, na upande wetu huu nyingine bado ni tupu. Wazazi wanasema masomo hayo ni marefu. Ndiyo, ni marefu. Yangu yalikatwa na vita katikati na nikayamaliza. Sikutoka nyumbani leo kuja kupigiwa makofi. Nimekuja kuchukua watu. Haya, nani ana mtoto?