Hakuna Gurudumu Lililomtoroka

“Katika mlima huu hakuna gurudumu lililowahi kunitoroka, na halijazaliwa!” Maneno hayo marehemu babu yetu aliyasema akiwa amesimama juu ya kiti cha plastiki, mbele ya mkuu wa reli na watu wapatao mia mbili, siku ilipotangazwa kwamba reli ya mizigo ya mlimani itafungwa. Bibi, aliyekuwa safu ya pili, akauliza kwa sauti ileile, “Na mkokoteni je?” Kwenye mkokoteni tutafika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa nne kati ya saba, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya tatu ya wafanyakazi wa reli, hatua ishirini kutoka njia ya treni. Inasemekana treni ilipopita watoto wote wa mtaa walilia, yeye akalala. Alilia ilipochelewa.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni ya juu, akamaliza darasa la saba mwaka 1963. Hesabu aliziweza, imla ilimshinda. Elimu aliiheshimu sana, na kila aliponiona nyumbani katikati ya muhula aliuliza, “Mjukuu wangu, hiyo diploma imekwama kituo gani tukaisukume?”

Tarehe 2 Juni 1969 aliajiriwa kuwa mtu wa breki. Treni ya mbao na chai iliposimama kwenye mteremko, yeye alishuka, akakaza breki ya mkono ya kila behewa, kisha akachomeka kabari ya mti chini ya gurudumu la mwisho. Halafu alirudi nyuma hatua tatu akalikodolea macho, kama msimamizi wa mtihani. Wageni walitoka mbali kuja kupiga picha maporomoko na bonde linaloonekana kutoka reli ile. Marehemu aliligeuzia mgongo bonde hilo miaka karibu thelathini na mitano.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974. Gari la maharusi liliegeshwa penye mteremko, na bwana harusi, kwa mazoea, akaliwekea kabari. Dereva alikanyaga mafuta, gari likanguruma, likagoma. Fundi alichungulia injini nusu saa nzima, bwana harusi akimpa ushauri kupitia dirishani, mpaka bibi harusi aliposhuka na shela lake akainama.

“Hiki ni nini?”

“Usalama, mke wangu.”

Sasa mkokoteni. Mwaka 1981 aliuacha mlangoni umejaa viazi, bila kabari, akaingia ndani kunywa chai. Ulishuka wenyewe, ukapita ua wa jirani, ukasimama ndani ya banda la kuku. Hakuna kuku aliyeumia. Marehemu alishikilia miaka yote kwamba mkokoteni si behewa.

Reli ilifungwa tarehe 30 Aprili 2004. Kilichompandisha kwenye kile kiti hakikuwa kufungwa kwenyewe. Tangazo lilisema reli inafungwa kwa sababu “breki za mlimani haziaminiki”, na breki za mlimani zilikuwa yeye. Kesho yake baada ya tangazo hilo alimfuata mkuu wa reli ofisini.

“Mzee, itafungwa tu,” mkuu alimwambia.

“Fungeni. Ila msinisingizie. Panda na mimi treni ya mwisho.”

Mkuu akapanda. Kwenye kona yenye mteremko mkali kuliko zote, marehemu alisimamisha treni ya mabehewa kumi na manne, akakaza breki, akaweka kabari, akamwambia dereva afungue kichwa cha treni akisogeze mbele. Mabehewa yakabaki peke yake. Mkuu alichora mstari wa chaki kutoka kwenye gurudumu hadi kwenye reli, wakangoja dakika arobaini. Mstari haukukatika. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, marehemu aligeuka akaliona bonde.

“Kumbe huku kuzuri hivi,” alisema, “na hamkuniambia!”

Tangazo jipya lilisema reli imefungwa kwa kukosa mizigo, na kwamba breki ziliaminika hadi siku ya mwisho. Marehemu alilitia kwenye fremu akalitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi. Bibi amelalamika miaka ishirini. Marehemu naye kila Jumamosi alipanda kwa miguu hadi kona ile, akakaa kuliangalia bonde lake.

Februari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, akalazwa wodi namba nne.

“Sista, kitanda hiki kina magurudumu.”

“Kina na breki, babu.”

“Umezijaribu?”

Ikabidi kila zamu wazijaribu. Alifariki Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, bibi akiwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho kwake lilikuwa, “Haya, mkokoteni nakubali.”

Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, dada mmoja, na dereva wa ile treni ya mwisho, ambaye ameomba ahesabiwe ndugu. Apumzike kwa amani, mahali tambarare.

Hapo nje ni mteremko, kwa hiyo gari lililomleta tumeliwekea kabari yake. Dereva asisahau kuitoa. Marehemu aliinunua siku vifaa vya reli vilipouzwa. Ilikuwa shilingi mia tatu na hamsini.