Mzee Pankras na Ua Lililozikwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, Mzee Pankras Ndunguru, mhudumu wa ofisi katika kiwanda chetu cha kukoboa kahawa, Mbinga, anastaafu tarehe 30 Juni 1998. Alianza kwa kubeba magunia, akahamia ofisini alipoumia mgongo. Hajawahi kupoteza barua, isipokuwa ile iliyoliwa na mbuzi kule Tingi, ambayo aliiandikia taarifa ya kurasa mbili.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa ua liitwalo okidi.

Mwaka 1995, wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia na kazi kupungua, meneja wetu Mama Flavia alikwenda Songea wiki sita kuandaa orodha ya watakaopunguzwa. Okidi yake ya dirishani alimkabidhi Mzee. Mzee alisikitika kuona mizizi inaning'inia nje ya chungu. Akaleta udongo wa ngolo, yale mashimo ya kilimo cha milimani kwetu, kutoka shambani kwake Mpepai, akachanganya na samadi, akaifukia yote, akamwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya tatu majani yakawa ya njano. Mzee akaacha kula mchana: alijiona wa kwanza kwenye orodha.

Clemence, bwana shamba, aliling'oa ua, akanusa mizizi.

“Baba,” alisema, “hili hukulipanda. Umelizika.”

Alimweleza kuwa okidi ile kwao ni juu ya miti, na mizizi yake hutaka hewa. Mzee alikata iliyooza kwa mkasi wa kupogolea mibuni, akapaka unga wa mkaa kwenye vidonda, akaliacha likauke kutwa. Akatoboa kindoo cha plastiki kwa msumari wa moto mpaka tukakiita chujio. Ndani aliweka vipande vya magome na mkaa tu; maji, mara moja kwa wiki. Ilibaki mizizi mitatu. Kila asubuhi aliihesabu kabla hatujamwamkia.

Mama Flavia aliporudi, Mzee alikiri hata kabla ya kumpokea begi. Mama aliinamia kindoo. Ncha ya kijani ilikuwa imechomoza: mzizi wa nne.

Orodha ilipobandikwa, wahudumu wa ofisi walikuwa wamepunguzwa wote. Mzee hakuwamo. Kwenye orodha ya wanaobaki, cheo chake kilisomeka: Mhudumu wa Okidi.

Mama alipohamishwa alimwachia ua, naye sasa ananiachia mimi. Tangu jana amenikataza mara nne kulimwagilia.

Asante, Mzee wetu. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha Mpepai na usingizi mzito. Ua limekunywa Jumatatu. Tafadhali usije kulikagua kabla ya Jumatatu ijayo.

Beata Kapinga, Masjala