Ng'ombe wa Kasaine Aliyekataa Kufa kwenye Mchoro wa Madam Wamaitha

Leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Madam Wamaitha Kiama anastaafu. Ni miaka kumi na tisa tangu atoke kwao Ol Kalou kuja Kitengela kutuchorea hapa ofisini. Mimi Maweu, ninayepiga deki, nilitoka Mwingi mwaka huo huo, ndiyo maana nimeambiwa niandike haya ya kumuaga. Shule niliachia darasa la sita, mtanivumilia.

Alianza na mabango ya karatasi, kisha tovuti ikaja. Kazi yake ilikuwa kueleza kwa michoro jinsi hali ya hewa inavyobadilika. Alikuwa na sheria moja: mchoro hautoki mpaka mimi niutazame nikiwa na ufagio mkononi na nimweleze unasema nini. Nikikwama, anafuta. Siku moja alichora moshi wa viwanda, nikamwambia naona kondoo wanapanda mbinguni. Alifuta bila kununa, lakini chai yangu siku hiyo haikuwa na sukari.

Taabu ni kwamba kwenye tovuti hakuna aliyeifungua michoro hiyo. Mwaka 2022 mkubwa wetu, Bwana Aketch, alisema ukurasa wa michoro usipopata watu kufikia mwisho wa mwezi, anaufunga. Madam hakugusa githeri yake, mahindi na maharagwe ya mchana, kwa siku mbili. Tukaogopa.

Wiki hiyo akaingia Mzee Kasaine wa Oltepesi, na fimbo. Kwenye mchoro wa ukame Madam alikuwa amechora ng'ombe aliyekufa, na kwa kupenda usahihi akanakili alama za masikio za ng'ombe aliyempiga picha sokoni. Zilikuwa alama za boma la Kasaine.

“Huyu ni wangu, na yuko hai!” alifoka. “Nani amemuua? Ngozi iko wapi? Watu wananipigia simu za pole!”

Madam alimwomba radhi, akamwekea chai, akamuuliza mchoro aliuonaje.

“Msichana wangu aliupiga picha hapa kwenu ukutani, akatuma. Kwa simu mimi hutafuta mvua itanyesha lini Kajiado. Nyinyi hamtokei.”

Madam aliacha chai ikapoa; hapo ndipo alipoelewa kosa lake. Michoro yote alikuwa ameipa majina kama “Mwisho kabisa 4”, na maneno alikuwa ameyachora ndani ya picha, mtu akitafuta kwa simu hayatokei. Kwa siku tano alibadilisha kila jina liwe swali ambalo watu huuliza, akaandika maelezo chini yake. Kasaine alidai pia ng'ombe wake achorwe upya akiwa amesimama. Akachorwa.

Mwezi ulipoisha, watu walikuwa wanaufungua ukurasa kutoka Ngong hadi Magadi. Bwana Aketch hakuufunga, na kwake hiyo ni sifa.

Asante, Madam, kwa kutuchorea mambo makubwa hadi mwenye ufagio akaelewa. Upumzike vizuri, na viazi vyako vya Ol Kalou vistawi.

Ameahidi kuja kutusalimu mvua ya masika ikianza. Nilipomuuliza ni lini hasa, akaniambia nitafute kwenye simu. Nimetafuta. Juu kabisa ya majibu umetokea mchoro wake, ng'ombe amesimama. Chini yake pameandikwa kuwa masika huanza mwisho wa mwezi wa tatu, au baadaye kidogo. Chai itakuwa tayari.