Noeline Haddrell na Mbao Zake Kumi na Moja

Ndugu, jamaa, majirani, na wanachama wa Chama cha Wachoraji wa Chaki mliofika hapa Tūrangi kwa baridi hii, familia imeona historia ya mpendwa wetu isomwe yote, pamoja na ile sehemu ya mbao, ambayo binti yake Raewyn alitaka irukwe ili kumstahi baba yake, na ambayo baba yake mwenyewe, Lindsay, alisema ikirukwa kitakachobaki si historia bali tangazo la gazetini.

Marehemu Noeline Joyce Haddrell, ambaye kwao ni Treloar, alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Agosti 1948 mjini Taumarunui, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa marehemu Cyril Treloar, gadi wa garimoshi, na marehemu Ivy, na kwa mujibu wa cheti alizaliwa saa nane mchana, ingawa mama yake alishikilia mpaka anaingia kaburini kwamba ilikuwa saa tano asubuhi, na kwamba karani alikuwa ametoka kwenda kula.

Alisoma shule ya msingi mjini humo kuanzia mwaka 1954 hadi 1961, na sekondari hadi Desemba 1965, na ripoti yake ya mwisho, ambayo familia imeihifadhi, inasema ni msichana msafi isipokuwa mikono.

Februari 1966 aliajiriwa Rotorua katika ofisi ya upimaji ardhi, kitengo cha ramani, ambako kazi yake ilikuwa kupaka rangi kwa mkono, maziwa buluu, misitu kijani, na ardhi yenye mgogoro rangi ya waridi, rangi ambayo alisema ilikuwa ikiisha kabla ya nyingine zote. Mwaka 1987 idara yake ilivunjwa, ikaundwa upya kwa jina jingine, ikavunjwa tena, na kila mara marehemu alitakiwa kuomba upya kiti alichokuwa amekikalia, mpaka mwaka 1990 alipochoka kujitambulisha kwa watu waliomfahamu, akahamia hapa Tūrangi na mumewe, akawa mkutubi wa shule hadi alipostaafu tarehe 16 Desemba 2011.

Kuhusu ndoa, Lindsay Haddrell, fundi seremala wa samani, aliitwa katika ile ofisi ya Rotorua mwaka 1970 kurekebisha droo za ramani zilizokuwa zikikwama, kazi ya siku moja ambayo yeye aliifanya kwa siku nne, na droo zilipokamilika zikawa zinateleza bila sauti kiasi kwamba mkuu wa ofisi alibanwa vidole mara mbili. Walifunga ndoa tarehe 12 Februari 1972, wakajaliwa mtoto mmoja, Raewyn, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1975, na wajukuu wawili. Wengi mliopo hapa mmekula juu ya meza za Lindsay, na mnajua kwamba mtu akikaa kwenye meza ile, kabla ya kugusa chakula, hupitisha kiganja juu yake, kwa sababu hakuna mkwaruzo hata mmoja, na hiyo ndiyo sifa ambayo mzee huyu ameijenga kwa miaka hamsini na tatu.

Marehemu alianza kuchora kwa chaki za rangi mwaka 1994, na tangu mwanzo alikataa karatasi za dukani, akisema zinashika tabaka tatu tu za rangi kisha zinateleza, hivyo akajitengenezea sehemu yake ya kuchorea. Kila ulipovuma upepo wa kaskazini alishuka ziwani kuokota yale mawe mepesi yanayoelea, ya kusugulia visigino, akayaponda kwa nyundo ndani ya gunia, akayasaga kwa mashine ya mkono ya kahawa, akayachekecha katika soksi za nailoni, kisha akachanganya unga ule na gundi na rangi nyeupe ya msingi mpaka ukawa uji, akaupaka juu ya ubao kwa brashi pana, mkono mmoja kwenda, mkono wa pili kukatiza, na sharti lake lilikuwa moja, brashi ikishapita hairudi. Ubao ukikauka ulikuwa unakwaruza kama ulimi wa paka, na chaki ikiugusa tu inabaki.

Mwaka 1998 Chama kilijadili kama ubao wa namna hiyo unaruhusiwa katika maonyesho ya kazi za karatasi, ikaundwa kamati ndogo ya watu watatu, ikakaa miaka miwili, mjumbe mmoja akafariki, na hatimaye ikaazimiwa kwamba ubao wa Bi Haddrell utahesabiwa kuwa karatasi kwa madhumuni ya maonyesho tu, azimio ambalo marehemu alilibandika bafuni.

Amechora ziwa, amechora kondoo wa jirani, amemchora Raewyn mara kumi na nne, lakini mumewe hakuwahi kumchora, kwa sababu Lindsay hawezi kukaa, ukimweka kitini dakika tatu ataona bawaba inayolegea mahali fulani. Januari mwaka huu wa 2023 marehemu alitangaza mezani kwamba sasa itakuwa zamu ya Lindsay, apende asipende, akaandaa mbao kumi na moja, akazipanga gereji zikauke, na huo ulikuwa mfuko wake wa mwisho wa unga.

Mwezi Machi alianza kulalamika tumbo na mgongo, na tarehe 14 Aprili alilazwa hospitalini kwa siku tisa, ambako iligundulika kwamba ana saratani ya kongosho, iliyokwisha kusambaa, na madaktari wakasema kwa upole lakini bila kuzunguka kwamba ni suala la wiki.

Lindsay alirudi nyumbani akiwa na habari hiyo na mikono miwili isiyo na kazi. Aliingia gereji, akaziona mbao za mkewe zimejipanga ukutani, zote zina mkwaruzo, na katika maisha yake ubao wenye mkwaruzo ni ubao ambao haujaisha. Alizipiga msasa namba 120, kisha 240, kisha 400, zote kumi na moja, siku mbili, na akiwa fundi anayeheshimu kazi akazimalizia kwa nta ya nyuki. Anasema zilikuwa siku mbili pekee kati ya zile tisa ambazo aliweza kula. Marehemu alipofika nyumbani tarehe 23 Aprili, akishikwa mkono huku na huku, mumewe alimpeleka gereji kumwonyesha, naye akapitisha kidole kwenye ubao wa kwanza, wa pili, akafika mpaka wa kumi na moja bila kuruka hata mmoja.

“Lindsay, mpenzi wangu,” akasema, “umenitengenezea meza.”

Halafu alicheka, na kicheko kikamletea maumivu, ikabidi apewe dawa, na Raewyn anasema ndipo baba yake alipoelewa alichokifanya.

Chama kilileta upesi bunda la karatasi nzuri za dukani, na tunashukuru, lakini karatasi ile inataka mkono ubonyeze, na mkono wa marehemu ulikuwa hauna tena nguvu ya kubonyeza hata kitufe cha kengele, chaki ikawa inapita juu kama kivuli. Ilibidi upatikane ubao wake, ule unaoipokea chaki kwa kuguswa tu, na wa kuutengeneza alikuwa mtu mmoja, naye ndiye aliyeuharibu.

Lindsay, ambaye hurudisha vitabu vya maktaba kabla ya siku yake, aligundua kwamba kuchukua mawe ufukweni kunahitaji kibali, akajaza fomu, na penye sababu za kuchukua, zilizokuwa ujenzi, bustani, utafiti na nyinginezo, alitia alama kwenye nyinginezo na kuandika “mke wangu”. Baada ya wiki mbili ofisi husika iliandika kuuliza kama mke huyo ndiye mwombaji au ndiye mahali mawe yatakapotumika. Raewyn alisoma barua ile, akachukua ndoo mbili, akashuka ziwani mchana kweupe.

Mwezi wa Mei wote na nusu ya Juni mzee alifanya kazi sebuleni, mbele ya kitanda, marehemu akimwelekeza kwa maneno na baadaye kwa kidole. Ubao wa kwanza ulikuwa na chembe kubwa, ukaila chaki nzima. Wa pili gundi ilizidi, ukang’aa. Wa tatu, wa nne na wa tano uji ulikuwa sawa kabisa, marehemu mwenyewe aliuonja kwa vidole akaukubali, lakini kila brashi ilipopita, mkono wa Lindsay ulirudi wenyewe kusawazisha, taratibu, ukingo kwa ukingo, na alipokuja kushtuka kumekwisha kuwa laini. Marehemu alimwambia aondoe mkono. Alimwambia kwa upole, akamwambia kwa ukali, akamwambia kwamba hata mbuzi angeweza. Lindsay alijibu kwamba anaujua mkono wake, na kwamba haumsikii.

“Nimekuwa nikiufundisha jambo moja miaka hamsini,” alisema, “sasa unanilipa.”

Ubao wa sita ulipakwa Jumatatu tarehe 26 Juni, na brashi ilikuwa ndiyo kwanza imekatiza mkono wa pili pale muuguzi Sefina Leota, anayezunguka majumbani, alipogonga mlango, na Lindsay, ambaye hawezi kumwacha mgeni barazani, aliweka brashi akaenda kufungua, akapokea koti, akauliza habari za barabara, akaandaa chai, na aliporudi sebuleni uji ulikuwa umeanza kushika na haukuweza kuguswa tena. Aliomba msamaha. Marehemu alisema usiguswe na mtu.

Jumatano ulikuwa umekauka, akaukwaruza kwa ukucha. “Huu,” alisema.

Kwa siku tatu, kuanzia saa nne asubuhi, Lindsay alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, na marehemu akamchora. Jumatano alichora sikio na taya. Alhamisi bega, na kivuli chini ya kidevu. Ijumaa tarehe 30 Juni chaki ilimponyoka, Lindsay akainuka akaiokota, ikaanguka tena, akainuka tena, na mara ya tatu alipokuwa anataka kuinuka marehemu alimzuia kwa jicho.

“Kaa, mzee. Ukiinuka nakupoteza.”

Akakaa. Chaki ilibaki sakafuni, mkono wa marehemu ulibaki juu ya blanketi, naye akaendelea kumtazama mumewe, kutoka kwenye nywele kushuka, sehemu kwa sehemu, kama mtu anayefanya kazi, na Lindsay anasema hakujua kama anachorwa au anaagwa, wala hakuthubutu kuuliza, wala hakukuwa na chochote chumbani mle cha kurekebisha. Alikaa saa moja na dakika kumi.

Noeline alifariki nyumbani Jumapili tarehe 2 Julai 2023, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na hasa Sefina Leota kwa huduma yake na kwa kugonga mlango, majirani kwa supu ya malenge, ambayo ilifika kwa wingi uliotulazimu kuigandisha, wafanyakazi wenzake wa zamani wa ramani na wa maktaba, na ofisi inayohusika na fukwe, ambayo kibali chake cha kuchukua mawe, kisichozidi kilo kumi, kilitufikia juzi Jumatano. Chama kimeomba ule ubao kwa ajili ya maonyesho ya Septemba, na fomu yake inauliza kama kazi imekamilika au haijakamilika. Lindsay hajaijaza, na tunaomba asiharakishwe.

Ubao wenyewe upo hapa mbele, kando ya jeneza, tafadhali msiuguse, chaki haijapuliziwa dawa ya kuishikiza na itatoka na vidole vyenu. Baada ya ibada kuna chai na skonzi za jibini ukumbini. Mtamwia radhi Lindsay kwamba hatasimama mlangoni kupokea mikono yenu kama ilivyo desturi, amekaa pale mbele, kwenye kiti ambacho ubao umekielekea, na mwenye kutaka kumpa pole amfuate hapo hapo alipo.

Pumzika, Noeline, kwa amani uliyoistahili.