Mashua Isiyolala

Baraza hii ya mtaa wa Kiponda, hapa Unguja, ni yangu, wala si mimi niliyewaita watu waje kuikalia. Mimi kazi yangu kufua kofia na kuzitia wanga, nje ya mlango nazianika, na kila alasiri kabla hazijakauka wenyewe washafika. Yupo Redio, jina lake Msabah lakini nani anakumbuka, maana hanyamazi mpaka umzime. Yupo Sarahangi, jina lake Kificho, aliyemenya viazi melini akarudi na cheo cha mkuu wa mabaharia ambacho hakupewa na mtu. Mimi wananiita Ndimu, eti mchachu. Mabrouk akishapita na dele lake la kahawa, hapatulii tena mpaka adhana ya magharibi. Siku ninayoisema ilikuwa Jumamosi, mwaka wa hamsini na nne, na aliyeanza maneno si Redio wala Sarahangi. Ni Mohamedhussein fundi saa, tunayemwita Nukta. Alikuja na furaha tele, nami furaha ya mtu wakati nna kazi hainipendezi.

Nukta: Imekwisha. Mashua imekwisha. Kesho nnawapeleka Jenabai na watoto kisiwani Bawe.

Sarahangi: Jenabai kakubali kupanda chombo?

Nukta: Kwa ulimi wake mwenyewe.

Hapo hata mimi niliacha kofia. Nukta alikuwa na kaka yake, Abbas. Abbas alikwenda Bawe na ngarawa siku ya bahari shwari kabisa. Ngarawa ilionekana imepinduka, Abbas hajaonekana hata leo. Tangu hapo Jenabai, mke wa Nukta, akaapa watoto wake hawatatia mguu majini. Mwengine angeliacha jambo hilo likalala. Nukta akachonga kimashua cha mti, akakiweka kielee katika beseni la mkewe la kufulia, akamwambia: kizamishe. Jenabai akakisukuma kwa kidole, kikaibuka. Akakisukuma tena. Alishinda nacho mpaka nguo zikamkaukia na sabuni. Kisha akasema, kubwa lake likiwa hivi, twende.

Redio: Hebu tueleze ilivyo.

Nukta: Pana tumboni. Tanga sikutia moja kubwa, nimetia mawili madogo, hata Jenabai anaweza kuyavuta. Kamba zote zinakuja nyuma kwa mshika usukani, hakuna kupandapanda mbele. Kingo ziko juu, mtoto haanguki. Na chini ya viti nimepanga madebe matupu ya mafuta ya taa, nimeyaziba kwa lehemu mimi mwenyewe. Ikijaa maji haizami.

Redio: Na maji yakiingia kidogo kidogo si neno. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Hivyo ndivyo vyombo vinavyozama, yakhe.

Sarahangi: Chombo cha kuvutwa tanga na mke ni hilo beseni lenyewe. Bahari inataka wanaume.

Nukta: Abbas alikuwa mwanamme.

Sarahangi akanywa kahawa yake. Nikamuombea kikombe cha pili, maana aliona haya, na haya haimkai vizuri mtu mkubwa.

Nukta: Jana niliijaribu pale pwani ya Funguni, maji yamejaa. Fundi Simai kenda kusali, nikapanda peke yangu. Nikasimama ukingoni, mzigo wangu wote huu upande mmoja. Haikulala upande hata upana wa kidole.

Sarahangi: Kila chombo hulala kidogo. Ukikaa kulia, hulala kulia.

Nukta: Changu hakilali.

Redio: Upana huo. Mtu mnene umemuona wapi kuanguka?

Sarahangi: Si upana, farumi. Mawe yale ya tumboni ndiyo yanayokishika chombo. Umetia mawe mangapi?

Nukta: Simai katia.

Sarahangi: Umeyaona?

Nukta: Yako chini ya mbao, ntayaonaje?

Na Simai huyo akatokea. Ni Mtumbatu, ndiye aliyeiunda mashua, na maneno yake huyatoa kwa shida.

Simai: Asalaam alaykum. Shikamoo, mzee.

Mimi: Marahaba. Kaa, kofia usizikalie.

Simai: Sikai. Bwana Mohamedhussein, nimekuja kwa ajili ya mawe.

Nukta: Mawe gani?

Simai: Ya farumi. Ulisema utaleta mwenyewe, hujaleta. Tumbo la chombo tupu. Mke na watoto usiwapandishe vile, kitapepesuka.

Nukta aliweka kikombe chini, akakiweka pembeni ya sahani, kikaanguka. Hakukiokota.

Nukta: Simai, mimi jana nilisimama ukingoni.

Simai: Ukingo upi?

Nukta: Wa kulia. Kisha wa kushoto.

Simai: Kitupu vile? Kingekumwaga.

Nukta: Hakikunimwaga.

Simai akakaa. Nikaona anautazama ukingo wa baraza yangu, kisha anauvuta mguu wake karibu.

Redio: Basi ni yale madebe. Hewa ya ndani ikipata joto huhama. Wewe ukienda kulia, yenyewe hukimbilia kushoto.

Mimi: Hewa ina uzito gani, Redio?

Redio: Inategemea pumzi ya nani. Aliyaziba jioni, peke yake. Anajuaje hakuziba na pumzi ya mtu?

Nilitaka kumcheka, kicheko hakikuja. Nukta alikuwa akizifuta nyayo zake kwa ncha ya kanzu, nazo kavu.

Nukta: Kuna jambo sikulisema. Nilipotoka kulia kwenda kushoto, ubao ulilia nyuma yangu, kule nilikotoka. Nikasema mbao mpya hizi. Nikarudi kulia, ukalia wa kushoto. Nikasimama katikati.

Sarahangi: Ukawaje?

Nukta: Ukalia ule uliokuwa mbele yangu.

Redio: Astaghfirullah.

Nukta: Na kiti cha upande wa pili kilikuwa kimelowa maji. Si chote. Mahala pa mtu mmoja kukaa. Nami mashua nimeipanda kavu, na nimeshuka kavu.

Niliogopa, sisemi uongo. Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa, watu wanapita na vikapu vyao kutoka sokoni Darajani, nami nikaogopa mlangoni kwangu.

Redio: Chunusi huyo, jini wa baharini. Chombo kipya hukipenda. Lakini usimfukuze, kwani kakudhuru? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sarahangi: Wamesema manahodha wengi chombo huenda mrama. Chako kina wawili, na hakiendi mrama. Hapo ndipo ninapokiogopa.

Redio: Tia ubani, soma, kwisha.

Sarahangi: Nyamaza kwanza. Nukta, usinikasirikie. Abbas alikuwa mzito kiasi gani?

Nukta aliikusanya kanzu yake magotini. Nikadhani atainuka aende zake, na ingekuwa haki yake.

Nukta: Tulikuwa tukivaliana nguo. Suruali yake nikivaa, haihitaji mshipi.

Redio: Si mnaona? Ni nduguye. Mtu kafa kwa kupinduka, hataki nduguye apinduke. Anamlinda. Damu nzito kuliko maji. Wapeleke watoto, wala usiwe na wasiwasi.

Simai: Anayekulinda hukaa karibu nawe.

Redio: Unasemaje?

Simai: Huyu kila bwana akimkaribia, anahamia mbali. Na chombo kinachosimama kwa mtu, mtu huyo akiinuka kinapinduka. Mimi sikukiunda hivyo.

Nukta: Ntatia mawe. Leo hii ntatia mawe.

Simai: Tia. Mawe yatakishika chombo. Yeye hayatamteremsha.

Mabrouk akamimina kilichobaki, masimbi matupu ya chini ya dele, tukayanywa.

Mimi: Nukta, mwanangu, nisikilize mimi mchachu. Kesho usiende.

Nukta: Ntamwambia nini Jenabai? Miaka yote hii namwambia haitapinduka. Leo nimwambie sitaki akipande kwa sababu hakipinduki?

Sarahangi: Mwambie unaumwa.

Nukta: Jumapili hii nitaumwa. Na ijayo? Mwanangu Banu keshajifunza kufunga kamba. Mdogo wake analala na kile kimashua kifuani. Hawajui bahari ni nini, na wanaisikia usiku kucha dirishani. Mimi nilitaka wasiiogope tu, basi.

Akasema hayo bila kututazama. Nikataka kumshika mkono, lakini mkono wangu ulikuwa na wanga.

Hapo ndipo Jenabai alipotokea uchochoroni. Hakusikia neno letu hata moja. Buibui lake kalishika kidevuni kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ana mto mdogo wa kitambaa cha maua, sindano imechomekwa na uzi wake unaning'inia. Tangu msiba wa Abbas sikuwahi kumuona na uso mkunjufu namna ile.

Jenabai: Asalaam alaykum. Mzee, samahani, nnawakatizia maneno.

Mimi: Waalaykum salaam, Bi Jenabai. Karibu.

Jenabai: Sikai. Baba Banu, nnashona mito ya kesho, sitaki wakae juu ya mbao tupu. Nataka kujua niikate vipi. Watoto watakaa upande gani?

Nukta: Upande wa kulia.

Akazifuta tena nyayo zake.

Nukta: Hapana. Kushoto.

Akamtazama Simai. Simai akaangalia chini.

Jenabai: Au mmoja huku na mmoja huku?

Nukta akainama kukiokota kikombe chake. Sarahangi akageukia ukutani. Nami nina umri wa kuwa baba yake yule mwanamke, nikawa nageuza kofia zilizokwisha kauka.

Jenabai: Mbona mmenyamaza? Nauliza upande tu.

Akangoja. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akamtazama mumewe, akamtazama sana. Halafu taratibu akaanza kuuchomoa uzi kwenye sindano, na mto wenyewe haujakwisha.