Bibi Shamba na Sufuria ya Soya

Dada yetu mpendwa, bibi shamba, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Soya, wengine kwa heshima na wengine kwa kejeli, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, mtoto wa kwanza wa mama mfinyanzi na baba mlinzi wa ghala la mahindi. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1978 akapata cheti cha kilimo. Chuoni ndiko alikojifunza kukamua maziwa ya soya, na alirudi nyumbani akiyasimulia kama msichana aliyeposwa.

Tarehe 12 Juni 1982 alifunga ndoa na fundi seremala. Siku fundi alipokuja kujitambulisha, dada alimkaribisha kikombe cha maziwa hayo. Fundi akanusa, akasema, "Nitakunywa, lakini usiniambie ni nini mpaka nimalize." Alimaliza, akaomba kingine. Baadaye alimchongea kisanduku cha kugandamizia jibini ya soya. Hakuna jirani aliyewahi kukiazima.

Kazi aliianza mwaka 1979. Alikwenda shamba kwa shamba akiwasihi wakulima wasiuze soya yote kwa gunia, wabakize walau debe moja, wakamue maziwa, wasage unga, watoto wao wale kwanza. Walimwitikia "ndiyo mama, ndiyo mama," na akigeuka tu, yale yale. Mwaka 2006 alifanikiwa kuunda kikundi cha kaya chache, na mwenyekiti akawa shoga yake wa tangu utotoni.

Tarehe 3 Oktoba 2009 kikundi kilialika vijiji jirani waje waonje. Sasa soya ina hila yake: povu hupanda mapema, mtu akadhani maziwa yamechemka, kumbe bado mabichi na yataumiza tumbo. Dada alimwagiza mwenyekiti, "Povu likipanda punguza moto, koroga. Usimpe mtu mpaka nirudi." Akaenda kupokea wageni. Aliporudi, vikombe vilikuwa vimeshagawiwa.

"Si yamechemka, shoga?" mwenyekiti alimwambia. "Watu wana njaa."

Jioni ile matumbo yalichafuka nyumba hadi nyumba. Juma lililofuata wakulima waliitisha mkutano, na mmoja akapiga kelele, "Umetulisha sumu!" Dada alimtazama shoga yake, akisubiri aseme. Shoga aliinama akachezea pindo la kanga. Basi dada akasema, "Sufuria ilikuwa yangu," akakaa. Msimu ule soya iling'olewa, ikalishwa mbuzi, na kikundi kikafa. Mliocheka mnajijua. Iliuma, na bado inatuuma.

Alistaafu mwaka 2012. Aliendelea kuwakamulia wajukuu wake maziwa, ila mlango wa jikoni aliufunga ili harufu isiwape watu la kusema.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Hata hapo walikuwepo waliosema soya imemrudia mwenyewe. Aliugua kwa uvumilivu, na kila mgeni alipobisha hodi, dada aliuliza kama ni shoga yake. Nyumba ya shoga ni ya nne kutoka kwa dada. Dada alifariki alfajiri ya tarehe 2 Februari 2024, mumewe akiwa amemshika mkono.

Jana mwenyekiti alifika msibani, akalia sana, akaomba nafasi asimame leo mbele yenu akiri kwamba ni yeye aliyegawa maziwa mabichi. Familia ilikaa, ikakataa. Tulimjibu, "Mama, maneno hayo yalikuwa ya kuambiwa dada. Sisi hatuwezi kumpokelea." Yamesomwa hapa ili myajue ninyi, si ili yeye apumue.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, na wadogo zake wanne, akiwemo huyu anayewasomea. Dada, pumzika kwa amani ambayo hapa tulikunyima.