Shamba Alilolisimulia Wendelin

Kwenye kona ya duka la mikate la Kreuder, pale barabara inapopinda kuufuata mto Mosel, kuna benchi ambalo wakubwa wa kijiji wametaka kuling'oa mara mbili. Limewashinda, maana halijawahi kukutwa tupu. Tuko wanne. Kuna Lango, aliyefungulia meli milango ya maji pale bwawani kwa miaka thelathini. Kuna Stempu, mama aliyegawa barua hadi magoti yakamkataa. Kuna Mapipa, mwenye ghala la mvinyo nyuma ya kanisa. Na mimi, mwalimu mstaafu, wananiita Chaki. Kahawa tunanunua ndani, tunanywa nje, inyeshe isinyeshe. Jumanne moja ya mwezi wa tano Lango alikuja amechelewa, akakaa, akakishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa.

— We Lango, umefiwa? Stempu akamuuliza.

— Jana nimekimbia na Irmtrud.

— Heee! Na hilo tumbo?

— Acha masihara, mama. Sina hali.

Irmtrud anajulikana na kila mtu hapa kwetu. Macho yalimpotea akiwa na miaka arobaini na moja, ugonjwa wa kwao, bibi yake pia ulimpata. Mwaka mzima alilala akiutazama ukuta asiouona. Siku moja mumewe, Wendelin, akamfunga kamba fupi mkononi, ncha ya pili akajifunga mwenyewe, akamtoa nje wakakimbia hadi darajani. Kesho yake wakasogea mbele kidogo. Mwishowe wakawa wanaizunguka njia yote ya ngome mbili, kilomita kumi na moja: kando ya mto, ngazi za mawe meusi hadi chini ya ngome ya Arrenstein, msituni mpaka Wolmerburg, halafu mteremko wa kurudi nyumbani. Kila asubuhi, kwa miaka kumi na miwili. Mke anakimbia, mume anakimbia na kusimulia: meli ile imebeba makaa, ukungu umefika kwenye madirisha ya ngome, kunguru wamekaa juu ya mnara. Ukikaa hapa benchini ulikuwa unaisikia sauti yake kabla hujawaona wenyewe. Mwezi wa pili mwaka huu Wendelin alianguka jikoni, moyo, akafa kabla gari la wagonjwa halijavuka daraja.

— Sasa ulikimbia naye, ikawaje? nikamuuliza Lango.

— Tulienda vizuri tu. Nikamsimulia kama nilivyoweza. Nikasema maji ni ya kijani, kuna bata. Akacheka, akasema, "Lango, bata wa rangi gani?" Sikuwa nimeangalia. Basi tukapanda ngazi. Tulipofika chini ya Arrenstein akapunguza mwendo, uso umemng'aa kama msichana. Akasema, "Hapa ndipo kwetu. Wendelin aliniambia mwaka jana zabibu zilikuwa nyingi mpaka nguzo zimeinama."

Mapipa akaanza kukoroga kahawa yake, na Mapipa hatii sukari.

— Nikageuka kuangalia, Lango akaendelea. Jamani, shamba la marehemu baba yake, mzee Jupp, halipo! Ni miiba mitupu. Kuta za mawe zimeporomoka, na katikati umeota mti mnene kama mkono wangu huu. Mti wa miaka tisa, kumi. Zabibu zipi zilizoinamisha nguzo?

— Ukamwambia nini?

— Nikasema pumzi imenibana. Tukashuka kimya mpaka chini.

— Ulikuwa hujui? nikamuuliza.

— Ningejuaje? Mimi nilikuwa wa majini, huko juu nilipanda lini?

Stempu akaweka kikombe chini. Ukimwona anaweka kikombe chini, ujue anataka mikono miwili ya kuongelea.

— Mimi nawaambia, Wendelin alikuwa ameliuza. Aliliuza kwa siri.

— Nani anunue mwinuko ule? Mapipa akasema. Hata mbuzi anapanda kwa kujishikilia.

— Matajiri wa Koblenz! Wanataka kujenga hoteli chini ya ngome. Au tuseme kuna kitu kimezikwa mle. Ngome ina miaka mia nane, bwana. Mabwana wa zamani hawakufa na dhahabu yao mkononi.

— Stempu, punguza.

— Sipunguzi. Na kama si hivyo, basi Wendelin mwenyewe alikuwa haoni. Ndiyo! Macho yalimwisha na yeye, akaona aibu kusema. Vipofu wawili wakiongozana mlimani, na sisi hapa tunawapungia mkono.

Lango akamtazama kama mtu anayetaka kuamini.

— Kwa hiyo alikuwa anasimulia kwa kukumbuka?

— Aliona vizuri sana, Mapipa akasema polepole. Alikuwa anachagua chupa ghalani kwangu kwa kuziinua kwenye mwanga.

— Chupa za nini?

— Chupa sita kila mwezi wa kumi na moja. Zisizo na karatasi ya jina. Alimwambia mkewe ni mvinyo wa shamba la baba. Krismasi wanafungua moja, yule mama analia kwa furaha. Nilimwambia, "Wendelin, hii dhambi unanigawia na mimi." Akanijibu, "Igawe, basi itapungua uzito."

Lori la maziwa likapita. Nikajua zamu yangu imefika, na ningeweza kukaa kimya, maana waliolijua langu walikuwa wawili na mmoja wao alishazikwa.

— Mimi nilikuwa mvunaji, nikasema.

— Mvunaji wa nini, Chaki?

— Kila mwezi wa kumi. Wendelin alinipa siku na saa. Napanda mapema, nasimama kwenye miiba na ndoo na mkasi wa kukatia. Nikisikia hatua zao nakata kata matawi, nagonga ndoo, napaza sauti: "Habari za asubuhi, Irmtrud! Mwaka huu mmebarikiwa!" Na yeye anajibu, "Asante mwalimu, msiniumizie mashina!"

Lango akasimama.

— Nyie watu! Mlikuwa mnamchezea mwanamke wa watu mchezo wa kuigiza?

— Keti, Lango.

— Siketi! Jumapili ni mbio za ngome mbili, mimi ndiye nimefungwa naye kamba. Nikifika pale nisemeje? Nimwambie mumeo alikuwa mwongo? Au na mimi niongope? Mimi bata tu wamenishinda!

Stempu akamvuta mkono, kwa sababu Irmtrud alikuwa amesimama mlangoni pa duka la mikate, fimbo nyeupe mkononi, mfuko wa mikate kwapani. Sijui alikuwa ndani muda gani. Lango akampisha, akamshika kiwiko, akamketisha kati yangu na Mapipa.

— Bi Irmtrud, nikaanza.

— Mwalimu, ndoo yako ilikuwa tupu, akasema. Ndoo yenye zabibu hailii vile.

Nikahisi masikio yananichoma kama mtoto aliyekamatwa na karatasi ya majibu.

— Ulijua?

— Nimezaliwa mle. Mizabibu inanyunyiziwa dawa ya salfa, inanuka mpaka kwenye nguo. Mwaka wa tatu harufu ikakata. Halafu ndege wakaanza kuimba mle ndani, wale wanaotaga kwenye vichaka. Kwenye shamba la baba hakukuwa na pa kujificha hata panya. Na wewe Mapipa, mvinyo wako ni mtamu, Mungu akubariki, ila ni wa bondeni. Wa baba ulikuwa unakwaruza ulimi.

— Sasa mama, Stempu akasema, na sauti yake haikuwa ile ya dhahabu na matajiri, kwa nini hukumwambia?

Irmtrud akaupapasa mfuko wa mikate, akaukunja mdomo wa mfuko, akaukunjua.

— Shamba la mwinuko linataka asubuhi, kabla jua halijapiga mawe. Na Wendelin saa nne alikuwa anatakiwa kazini. Alikuwa na asubuhi moja tu kwa siku, Stempu, kama mtu mwingine yeyote. Alimwahidi baba kwamba atalitunza, kisha asubuhi zote akanipa mimi. Ukuta wa kwanza ulianguka tukiwa tunakimbia, niliusikia. Aliniambia ni paa anaruka kwenye mawe.

Akavuta pumzi.

— Ningesema "Wendelin, najua," angerudi shambani. Namjua. Angejiona amenidanganya vya kutosha, angechukua jembe. Na mimi ningerudi kitandani. Kwa hiyo nilimwacha aseme. Nikamuuliza hadi maswali: matawi yamefungwa? Majani yamepunguzwa? Alikuwa anahema mlimani na bado ananijibu. Mnamwita mwongo, lakini mimi ndiye niliyemwongopesha miaka yote hiyo, na baba yangu kaburini hana shamba.

Mapipa alikuwa akilia waziwazi, machozi yanaingia kwenye ndevu. Lango alichuchumaa mbele ya Irmtrud, magoti yakilia.

— Jumapili nitakupeleka njia nyingine, akasema. Tupite chini, kando ya mto. Tusipite pale kabisa.

— Tutapita pale.

— Nikwambie ukweli basi? Nikwambie miiba?

— Miiba naisikia mwenyewe, Lango. Miiba sihitaji kusimuliwa.

Akainua uso, akauelekeza juu ya paa la duka la mikate, kulekule ilipo ngome, bila kukosea hata kidogo.

— Baridi ya mwezi wa nne imepita, akasema. Wiki hii majani yanakuwa ndiyo kwanza yanafunguka. Nyie mlikaa naye, mkanywa naye. Niambieni, angekuwepo mwaka huu, angesemaje?

Mimi nimesimama mbele ya darasa miaka thelathini na sita. Nilitafuta sentensi moja, hata fupi. Mapipa alifungua mdomo, akaufunga. Stempu, ambaye ana jibu la kila kitu kuanzia mvua hadi wizi wa baiskeli, alikuwa anaangalia viatu vyake. Meli ilipita mtoni, ikaita, ikaingia kwenye kona, na mawimbi yake yakamaliza kupiga ukingo, na bado hakuna aliyesema neno.

Alitusubiri. Alitupa muda mrefu kuliko tuliostahili. Kisha akanyoosha mkono, Lango akaushika, wakavuka barabara pamoja.